Hukumu ya Kilevi na Hukumu ya Aliyetekwa Nacho: Hashishi, Kahawa na Afyuni katika Vitabu vya Mafakihi



Katika miji ya mwambao wetu, kuanzia Lamu na Malindi mpaka Tanga, Unguja na Dar es Salaam, liko swali ambalo maimamu wamekuwa wakiulizwa tangu dawa iitwayo methadoni ilipoanza kutolewa hospitalini. Mzazi huja baada ya swala akasema: "Sheikh, mwanangu ni teja wa unga. Daktari ameniambia anywe dawa hii kila siku, na jirani ananambia dawa yenyewe nayo ni katika jamii ya vilevi. Je, nimruhusu?" Na mwengine amemfungia kijana wake chumbani wiki nzima, anatapika, anaharisha na kulia, na mzazi anaona kuwa hiyo ndiyo sharia, kwani haramu huachwa mara moja wala haipunguzwi kidogo kidogo.

Wengi wetu hujibu hapo hapo, kwa ndiyo au kwa hapana, tukidhani kuwa jambo ni jipya na vitabu vimenyamaza. Havikunyamaza. Mtunzi wa Tuhfa, kitabu ambacho wanafunzi wa madhehebu yetu ya Kishafii wamekisoma kizazi baada ya kizazi, aliulizwa swali linalokaribia sana na hili zaidi ya miaka 450 iliyopita, akalijibu. Lakini jibu lake halifahamiki vizuri ila kwa kujua njia waliyopita wanazuoni waliomtangulia, na njia hiyo inaanzia kwenye vitu vyengine kabisa.

KUTOKA KWENYE ZABIBU MPAKA KWENYE JANI

Ulevi uliojulikana Madina ulikuwa ulevi wa kunywa. Sayyidna Umar (R.A.) alipohutubu juu ya mimbari, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, alieleza kuwa ulipoteremka uharamu wa khamri, khamri ilikuwa ikitokana na vitu vitano: zabibu, tende, asali, ngano na shayiri. Kisha akaweka kanuni iliyowatosha Waislamu kwa yote yatakayozuka baadaye, kwamba khamri ni kila chenye kuifunika akili. Na Bibi Ummu Salama (R.A.) amepokea, katika Hadithi iliyotolewa na Ahmad na Abu Daud, kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza kila chenye kulevya na kila chenye kuulegeza mwili na kuufisha ganzi, yaani mufattir.

Kwa karne sita hivi kanuni hizo hazikupata mtihani mkubwa. Afyuni ilikuwa ikijulikana na matabibu, lakini ilikaa kwenye maduka ya dawa, haikuwa kitu cha barazani. Mtihani ulikuja na jani la katani, ambalo Waarabu waliliita hashishi nasi tunaliita bangi. Sheikhul Islam Ibn Taymiyya (aliyefariki mwaka 728 Hijria, sawa na 1328) anasema lilidhihiri mwishoni mwa karne ya 6 Hijria, wakati dola ya Matatari ilipoinuka. Wengine walilinasibisha na Sheikh Haydar wa Khurasani, na wengine wakakanusha kuwa sheikh huyo aliwahi hata kulila. Ugomvi huo hautuhusu. Linalotuhusu ni kuwa jani hili lilipoingia Sham na Misri halikuwa na jina katika Qur'an wala katika Sunna. Halikuwa la kunywa bali la kutafuna, lilikuwa kavu, tena rahisi kwa bei. Walaji wake wakapata hoja: Mtume hakulitaja, wala hakulitaja yeyote katika Maimamu wanne. Msomaji atakuwa ameshaisikia hoja hii kwa watu wa zama zetu, maneno ni yale yale.

Hapa tutanabahishe jambo la lugha, kwani limewapoteza wanafunzi. Neno banj linalotajwa katika vitabu vya kale vya tiba na fiqhi ya Kiarabu kwa kawaida ni mmea mwengine, wala si bangi yetu. Neno letu limetufikia kutoka Bara Hindi. Basi anayekuta katika kitabu kuwa fakihi fulani amekhafifisha jambo la banj kwa ajili ya dawa, asikimbilie kusema kuwa bangi imehalalishwa. Na vilevile neno kasumba, ambalo siku hizi hatulisikii ila kwa wanasiasa wakizungumzia fikra za kikoloni, asili yake kwa Kiswahili ni afyuni yenyewe. Kuwepo kwa neno hilo katika lugha yetu kunatosha kuwa dalili kwamba kitu hiki hakikuanza kujulikana jana katika bandari zetu.

WALITAZAMA KWANZA

Jambo linalotupendeza katika maandishi ya wanazuoni wa zama zile ni kuwa hawakuhukumu kwa jina. Walitaka kujua jani linamfanya nini mwanadamu.

Tabibu Ibn al-Baytar, mtu wa Andalusi aliyefariki Damaskasi mwaka 646 Hijria (1248), ameeleza kuwa aina ya katani inayolevya aliiona Misri, ikipandwa mabustanini. Akaeleza kipimo chake: dirhamu moja au mbili, yaani gramu tatu mpaka sita hivi, zinatosha kumlevya mtu sana, na anayezidisha huishia kwenye uwendawazimu, na pengine hufa. Akataja na namna ya kumtibu aliyezidisha, kwa kumtapisha kwa samli na maji ya moto. Mafakihi wa baadaye walimnukuu tabibu huyu katika vitabu vyao vya hukumu, kwa kuwa jambo lilikuwa la ujuzi wake yeye.

Kisha Imam al-Qarafi wa Kimaliki (aliyefariki 684 Hijria, sawa na 1285), katika tofauti ya 40 ya kitabu chake al-Furuq, alivigawa vitu hivi mafungu matatu. Kiko kinachoondoa akili pamoja na kuleta furaha na ushujaa wa uongo, hicho ndicho kileo. Kiko kinachoondoa akili na hisia pamoja, yaani chenye kulaza. Na kiko kinachoiharibu akili bila ya kuleta furaha ile. Akaliweka jani la hashishi katika fungu hili la tatu pamoja na afyuni na banj. Na dalili yake ni ya mtu aliyetazama kwa macho: wanywaji wa khamri alikuta wana ugomvi na kurukiana, ama walaji wa hashishi alikuta wamesinzia au wamenyamaza, na wengine wanalia. Kwa mgawanyo huo akasema kuwa kileo kina hadi, ni najisi, na hata kidogo chake ni haramu. Lakini vile viwili vyengine havina hadi bali mtumiaji hutiwa adabu na kadhi, si najisi, na kiasi kidogo kisichogusa akili hakiharamishwi.

Ibn Taymiyya hakukubaliana naye. Yeye aliona kuwa walaji wa hashishi huitamani na kuifurahia kama mnywaji anavyoitamani chupa yake, kwa hiyo ni kileo na hadi yake ni ya khamri. Tukiri kuwa kwa anayewajua wavutaji bangi wa leo, kila mmoja katika maimamu hawa wawili alikuwa ameona kitu cha kweli. Na asidhani mtu kuwa khilafu hii ilikuwa juu ya uharamu. Katika uharamu wa kula kiasi kinachoathiri akili hawakuhitalifiana. Khilafu yao ilikuwa ni namna gani ya haramu, na kinafuata nini baada ya hapo.

Badruddin al-Zarkashi (745–794 Hijria) akaja akalikusanyia suala hili kitabu kizima, Zahr al-Arish, kinachokwenda kutoka kwenye majina ya jani, madhara yake kwa akili na mwili, uharamu wake, utwahara wake na adhabu yake, mpaka kwenye suala la matumizi ya dawa. Na kabla yake Imam Nawawi alikwishapitisha kuwa mtu mwenye mkono ulioliwa na maradhi, ukahitajika kukatwa, inajuzu kuondolewa akili yake kwa kitu kisichokuwa kinywaji cha kulevya ili asihisi maumivu. Msomaji auweke moyoni mfano huu, kwani kila aliyelazwa kwa sindano ya usingizi akapasuliwa ameingia ndani yake.

Imenukuliwa kutoka kwa baadhi ya wanazuoni, na Ibn Hajar ameipokea, kuwa hashishi ina madhara 120 ya dini na dunia. Yanatajwa humo kusahau, kuumwa kichwa, kuharibika fikra, kukauka manii, kifua kikuu, kifo cha ghafla, kuondoka haya, na lililo zito kuliko yote, kuisahau shahada wakati wa kufa. Kisha ikasemwa kuwa yote hayo yamo katika afyuni pamoja na ziada. Si yote katika hayo 120 yatakayosimama mbele ya daktari wa leo, kwani tiba yao ilijengwa juu ya elimu ya joto, baridi, ukavu na umajimaji wa mwili, na hapana ubaya kusema hivyo. Lakini waliyoyaona kwa macho yao, kama kusahau, kuvurugika akili na kifo cha ghafla, yamethibiti. Tena upande wa pombe mambo yameonekana mabaya kuliko walivyojua wao: tangu mwaka 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka pombe katika daraja la kwanza la visababishi vya saratani, na Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2024 limekadiria kuwa pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019, na dawa za kulevya vifo laki 6.

MENO YALIYONG'OLEWA

Watawala nao walikuwa na njia yao. Sultani Baybars, aliyetawala Misri kuanzia 1260 mpaka 1277, aliiondoa kodi iliyokuwa ikikusanywa kutokana na hashishi na akaamrisha walaji watiwe adabu. (Kuwa serikali ya Waislamu ilikuwa ikila kodi ya kitu hicho ni jambo la kusikitisha, ingawa halitushangazi.) Karne moja baadaye, amiri Sudun al-Shaykhuni aliwakamata walaji wa jani Kairo akawang'oa magego. Aliyetusimulia ni mwanahistoria al-Maqrizi, na huyo huyo al-Maqrizi anatusimulia kuwa ilipofika mwaka 815 Hijria (1412) jani lilikuwa likiliwa hadharani, na watu hawaoni haya tena kulitaja.

Hatusemi kwamba adabu haina kazi, kwani muuzaji ana hukumu yake na sharia haikumwacha. Mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata jahazi nje ya pwani ya Kenya likiwa na kilo 1,032 za heroini. Wenye shehena kama ile hawatoki kwenye biashara hiyo kwa nasaha peke yake. Lakini mlaji aliyeng'olewa gego Kairo alirudi nyumbani akiwa na kiu ile ile aliyotoka nayo.

MASHAHIDI WA KAHAWA

Mwaka 917 Hijria (1511) ulitokea Makka mkasa ambao kila mwenye kutoa fatwa juu ya kitu kipya angefaa aujue. Msimamizi wa masoko wa Mamluki, Khair Bey, alikuta watu wamekusanyika usiku karibu na Msikiti Mtukufu wakinywa kahawa. Akaitisha baraza la wanazuoni. Wanazuoni, kwa uadilifu wao, walisema kuwa kukusanyika kwa mambo ya upuuzi kunakatazwa, lakini kinywaji chenyewe asili yake ni halali mpaka matabibu waseme kama kinadhuru. Wakaletwa matabibu wawili ndugu, wakashuhudia kuwa kinadhuru mwili. Akatokea na shahidi mwengine akasema kahawa inalevya sawasawa na khamri. Alipoulizwa amejuaje, ikadhihirika kuwa khamri ameshainywa, akapigwa yeye mijeledi. Kahawa ikapigwa marufuku na ikachomwa moto.

Mufti wa Kishafii wa Makka, Nuruddin bin Nasir, alikuwa amepinga. Amri ilipotoka Kairo kwa Sultani Qansuh al-Ghawri haikuharamisha kahawa bali ilikataza yale makusanyiko, na haukupita muda mrefu kahawa ikarudi. Jina nalo liliitia doa, kwani qahwa katika Kiarabu cha zamani lilikuwa ni jina mojawapo la mvinyo. Fitina iliporipuka tena Kairo, kadhi wa Kihanafi Ibn Ilyas alifanya lililokuwa rahisi kuliko yote: akaamrisha kahawa ipikwe nyumbani kwake, akawanywesha watu mbele yake, akakaa nao akizungumza sehemu kubwa ya mchana. Alipoona hakuna aliyebadilika maneno wala mwenendo, akapitisha kuwa ni halali. Haya yote tumeyapata kwa al-Jaziri, aliyeandika kitabu juu ya uhalali wa kahawa katika karne hiyo hiyo ya 10 Hijria.

Bila ya shaka unga haujaribiwi nyumbani kwa kadhi. Tulilolikusudia ni kuwa wale matabibu wawili walisema walilotaka mtawala lisemwe, na hukumu iliyojengwa juu ya ushahidi wao ikaanguka. Fakihi anahitaji tabibu, tena tabibu mkweli.

FATWA YA IBN HAJAR

Sasa tumfikie Sheikh Ahmad Ibn Hajar al-Haytami (909–974 Hijria, 1504–1567), mzaliwa wa Misri aliyehamia Makka. Zama zake kahawa ilikuwa imeenea, afyuni imetoka kwenye duka la dawa ikaingia majumbani, na mirungi imeitia Yemen fitina. Juu ya mirungi alifikiwa na vitabu vitatu kutoka kwa wanazuoni wa San'a na Zabid, viwili vinaharamisha na kimoja kinahalalisha. Akaandika risala yake ya kutahadharisha, na kwa kuwa habari za athari yake zilimfikia zikigongana, hakukata kauli ya uharamu, ila aliwataka watu wajiepushe nayo. Huyu basi si mtu wa kukimbilia kuharamisha wala wa kukimbilia kuhalalisha.

Akaulizwa kuhusu mtu aliyepewa mtihani wa kula afyuni na mfano wake, akafika hadi ya kuwa asipoila ataangamia. Jibu lake, kama alivyolifupisha Ibn Abidin wa Damaskasi (aliyefariki 1252 Hijria, sawa na 1836) katika Hashiya yake mashuhuri, lina sehemu tatu. Ya kwanza, akijua kwa yakini kuwa ataangamia, inamhalalikia kula, bali inamuwajibikia, kwa kuwa amedharurika kuibakisha roho yake, kama mwenye njaa anavyodharurika kula mzoga. Ya pili, ni wajibu juu yake kukipunguza kile anachokula kidogo kidogo mpaka tumbo lake liachane na mazoea yake pasina kuhisi. Ya tatu, akiacha kupunguza, basi ana madhambi na ni fasiki. Ibn Abidin anamnukuu al-Ramli akisema kuwa kanuni zetu hazipingani na hilo. Mwanafunzi atanabahi kuwa Ramli huyu ni Khayruddin wa Kihanafi, si yule wetu wa Nihaya. Kwa hiyo neno la Mshafii wa Makka lilikubaliwa na Mahanafi wa Sham, nalo ni jambo la kuzingatiwa.

Tazama alivyovitenganisha vitu viwili. Afyuni imebaki kuwa haramu, hakuilegeza hata chembe. Lakini aliyetekwa nayo anatazamwa kama mtu aliye katika hatari, na sharia ina la kumwambia zaidi ya kumwambia "acha". Wala hakuijenga fatwa yake juu ya kule kuteremka uharamu wa khamri kwa daraja, kutoka Aya ya 219 ya Suratul Baqara mpaka Aya ya 90 ya Suratul Maida. Wapo wanaoitumia hoja hiyo kumruhusu mlevi apunguze polepole, na hoja yenyewe ni dhaifu, kwani sharia ilikwishakamilika na hakuna wa kuturudisha katika miaka ile. Ibn Hajar alisimama juu ya mlango wa dharura, nao uko wazi mpaka Kiyama, lakini una kizingiti: dharura hupimwa kwa kadiri yake.

Nao matabibu wa karne hiyo walikuwa njia moja naye. Imaduddin Mahmud wa Shiraz, ambaye mwenyewe alikuwa mtumiaji wa afyuni, aliandika risala kwa Kifursi juu ya kitu hicho, ndani yake akaeleza namna ya kupunguza kipimo na kukibadilisha kwa kitu chengine.

AROSTO NA METHADONI

Turudi kwa mzazi wetu. Heroini, yaani unga, hutengenezwa kutokana na afyuni ile ile, ila nguvu yake ni kubwa mno. Aliyeuzoea akiukosa hushikwa na hali wanayoiita arosto: maumivu ya mifupa, kutapika, kuharisha, jasho na kukosa usingizi kwa siku kadhaa. Madaktari wanasema kuwa arosto ya unga kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra kuua yenyewe, ingawa kuishiwa maji mwilini kunaweza kuua. Hatari kubwa iko baadaye. Mwili uliokaa siku kumi bila ya unga unapoteza uzoefu wake, na kijana akitoka chumbani alikofungwa akarudia kipimo alichokizoea, pumzi inakatika. Basi mzazi aliyemfungia mwanawe bila ya matibabu amemtoa kwenye arosto akamkaribisha kwenye kifo, naye anadhani amemtibu.

Na kuna hatari ya sindano. Sindano moja ikipita mikono mitatu inahamisha virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya C. Mwaka 2005 watafiti walieleza kutoka Dar es Salaam kuwa wako watumiaji, hasa wanawake masikini, waliokuwa wakijidunga damu ya mwenzao aliyekwishajidunga ili waepukane na arosto. Mwenye kusikia haya kisha akauliza iko wapi dharura, tunamwomba asome tena.

Methadoni nayo ni katika jamii ya afyuni, jirani hakusema uongo. Hutengenezwa kiwandani, humezwa, na dozi moja huzuia arosto kwa muda wa siku nzima. Ikipimwa sawasawa mtumiaji hapati ule ulevi wa unga, anaweza kufanya kazi na kuswali akijua anasema nini. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014 na Zanzibar 2015. Mgonjwa huinywa mbele ya muuguzi. Ikizidishwa, au ikichanganywa na pombe au na vidonge vya usingizi, inaua, na kwa hiyo si kitu cha kugawana vijiweni.

Tukiipima kwa mizani ya al-Qarafi, haiingii katika fungu la khamri. Kiasi kisichoiondoa akili, kwa ajili ya tiba, kina nafasi kwake na kwa Mashafii wetu. Na anayesema kuwa ni ya majimaji na kwa hivyo ni najisi, arejee kwa mafakihi wetu waliposema kuwa hashishi ikiyeyushwa hubaki twahara kwa kutazama asili yake, kama vile khamri iliyoganda hubaki najisi kwa kutazama asili yake. Tukiipima kwa fatwa ya Ibn Hajar, inaingia kwa uzito zaidi kuliko afyuni yenyewe, kwani yeye alimruhusu mtu aendelee na kile kile alichozoea kwa kuwa hapakuwa na kingine. Leo kingine kipo, na kwa kuwepo kwake teja hawezi tena kuutolea unga udhuru wa dharura. Hukumu imekuwa nyepesi upande mmoja na nzito upande wa pili.

Linabaki sharti la kupunguza. Wapo wagonjwa wanaokaa na methadoni miaka mingi, na wapo wanaoulizana kama hiyo si kubadilisha bwana tu. Sisi tunaona kuwa Ibn Hajar aliwajibisha kupunguza kwa namna ambayo mwili hauhisi, na mwendo huo haujulikani na imamu wala na mzazi, unajulikana na tabibu anayemwona mgonjwa. Wengi waliopunguziwa kwa pupa wamerejea kwenye unga. Hata hivyo nia ya kupunguza isife, na mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari wake kila baada ya muda: lini tutapunguza? Asiachwe akasahauliwa.

Ama pombe, hukumu yake ni nyengine. Mlevi wa miaka mingi akikatishwa ghafla anaweza kushikwa na tetemeko, degedege na kuweweseka baada ya siku mbili tatu, na hiyo kweli inaua. Lakini madaktari huitibu hali hiyo kwa dawa nyengine zisizokuwa pombe, kwa hiyo dharura ya kumpa pombe haipo, na Hadithi ya Tariq bin Suwayd (R.A.) aliyoipokea Muslim, kuwa khamri ni ugonjwa wala si dawa, inabaki palepale. Huyu asifungiwe chumbani, apelekwe hospitali.

Tumeulizwa pia juu ya teja anayekufa kwa kuzidisha kipimo, kwani iko misikiti ambayo watu husita kumswalia. Huyo ni Muislamu aliyekufa juu ya maasi, hakukusudia kujiua, na hata aliyejiua kwa makusudi madhehebu yetu yanamswalia. Aoshwe, akafiniwe, aswaliwe na azikwe na Waislamu wenzake.

Na katika mwezi wa Ramadhani, kumeza methadoni mchana kunafuturisha. Mgonjwa amuombe daktari wake dozi yake ipangwe usiku kama kituo kinaweza. Kama hakiwezi, na tabibu mkweli akasema kuwa kukosa dozi kutamrudisha kwenye hatari, basi ni mgonjwa, atakula na atalipa atakapopona. Na ikiwa hakutarajiwa kupona, atatoa fidia ya kibaba kwa kila siku.

Wallahu a'lam.